Nilivyojifunza kupiga rangi kinyumenyume

Bodi ya gari la kuchezea, yaani ganda lake la nje, ilikuja ndani ya sanduku la nguo, imefichwa katikati ya mashuka na makopo ya maziwa ya unga. Shemeji yangu anafanya kazi Dubai, na kila akirudi Mombasa likizo huwa ana deni la mwanawe. Safari ile deni lilikuwa gari la rimoti. Si lile la plastiki linalokufa kabla betri hazijaisha. Hili ni la kuunga mwenyewe, la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, lenye springi za kweli na matairi ya mpira. Mtoto akatoa kitu kimoja kimoja, akakipanga mkekani, mpaka akafika kwenye bodi. Hapo akanyamaza. Bodi haikuwa na rangi. Ukiishika usoni unaona upande wa pili, kama chupa ya soda iliyooshwa.

"Mjomba, hii wamesahau kuipaka?"

Nikamwambia usijali, umefika kwa wenyewe. Miaka kumi na minane napiga rangi magari. Bampa, milango, boneti, lori zima nimepiga, na wakati mmoja jahazi la mtu wa Kilindini. Kidude kisichofika nusu mita kingenishinda vipi?

Bodi yenyewe ilikuwa ya Subaru Impreza, na kwa Kenya hilo si jambo dogo. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akaja akashinda na nyingine mwaka 2000, na tangu hapo kila kijana mwenye kazi ya kwanza anaiota. Mpwa wangu hakuwa amezaliwa, lakini alijua anachotaka: buluu, manjano kidogo, rimu za dhahabu. Nami gerejini buluu hiyo ninayo. Subaru zinazoletwa kwetu bampa zimechubuka ni nyingi, na namba ya rangi naijua bila kusoma kibati: 02C. Kulikuwa na salio la nusu kopo.

Basi nikafanya kama ninavyofanya kila siku. Nikaparuza bodi kwa nje na msasa laini, nikaifuta na thina, nikapiga praima ya kushikia rangi, nikapiga buluu mikono miwili, yaani matabaka mawili, nikamaliza na klia, ile ya juu isiyo na rangi inayong'arisha. Iling'aa! Nikaianika kwenye waya uani na majirani wakapita kuitazama. Kulikuwa na kitu kimoja tu: kwenye mikunjo ya juu ya matairi niliona vijistari vyeupe, vyembamba kama nywele, vimetawanyika kama utando wa buibui. Nikajiambia ni vumbi.

Jumamosi mtoto akalipeleka kwenye uwanja wa basketiboli. Lina kasi kuliko nilivyodhani. Mzunguko wa tatu likagonga nguzo ya goli, sio kwa nguvu ya kuvunja kitu, bodi ikajikunja na kurudi ilivyokuwa. Bodi ilirudi. Rangi haikurudi. Ilibanduka vipande vipande, ikamwagika chini kama magamba ya changu, na pale kwenye vile vijistari plastiki yenyewe ikapasuka. Mtoto aliokota vile vipande vya buluu akavitia mfukoni. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilipompigia shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Umepaka nje, shemeji? Ile inapakwa ndani!"

Sasa ngoja niseme aibu yangu. Plastiki ile inaitwa polikaboneti. Ilibuniwa mwaka 1953, pande mbili kwa wakati mmoja, Bayer kule Ujerumani na General Electric kule Marekani. Jina la kibiashara walilolitoa Wamarekani ni Lexan, ndiyo maana wenye magari ya rimoti duniani kote huziita bodi hizi leksani hata zikiwa zimetoka kwingine. Ni plastiki hiyo hiyo ya vioo vya taa za mbele za magari ya siku hizi. Na kuhusu taa za mbele, mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi gerejini: usifute taa na thina, itapasuka nywele nywele! Miaka yote nawafokea. Kisha nikaenda nikaifanyia bodi ya mtoto jambo lile lile, kwa mkono wangu, kwa sababu akilini ilikuwa "bodi" na sio "taa".

Kinachofanya ipakwe ndani ni hicho hicho kilichonibandulia rangi. Plastiki ni nyembamba, karibu milimita moja, na kazi yake ni kujikunja ikigongwa. Rangi ya gari la kweli ikikauka huwa ngumu, haijui kujikunja. Basi wao hutumia rangi laini inayoshikana na polikaboneti, kisha huificha upande wa ndani, plastiki yenyewe ikawa ndiyo klia. Gari likipinduka likaburuzwa kwenye saruji, kinachochubuka ni plastiki, rangi iko salama upande wa pili. Kampuni ya Tamiya ya Japani ina makopo ya spreya ya herufi PS kwa ajili hiyo, na ina mengine ya TS kwa plastiki ngumu inayopakwa nje. Mtu akichukua TS akapulizia leksani atapata magamba kama yangu.

Makopo ya spreya hayapandi ndege, kwa hiyo shemeji alipompata mtu wa kuja nyumbani alituma bodi ya pili pamoja na vichupa vya rangi ya maji ya polikaboneti, na bunduki ndogo ya rangi, ile inayoshikwa kama kalamu. Niliifurahia kuliko mtoto. Spreya ni rangi ya mwenye kopo. Ya chupa unachanganya mwenyewe, na kuchanganya rangi ndiyo kazi niliyozaliwa nayo, au ndivyo nilivyoamini mpaka wiki ile.

Nilianza kwa kuiosha bodi ndani kwa sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta mafuta, kisha nikaikausha bila kutia kidole. Kompresa ya gereji niliishusha presha ya hewa mpaka pauni 30. Vipande vya pembeni nilivyovikata kwenye bodi, vile vya kutupwa, nikavitunza. Ndivyo vilivyonifundisha zaidi.

Buluu ya Subaru ukiitazama vizuri ina uzambarau ndani yake. Kwenye kifuniko cha chupa nikatia matone kumi ya buluu ya kuona ndani, yaani ile isiyoziba, na tone moja la zambarau. Nikapuliza kwenye kipande, nikageuza, nikatazama upande wa plastiki. Giza. Rangi ile ile ambayo kwenye mlango wa gari inapiga kelele, kwenye kipande cha kiganja ilikuwa kama wino. Kwanza nikailaumu chupa. Baadaye nikakumbuka kwamba hata 02C halisi, kwenye ile bodi ya kwanza, ilionekana nzito kuliko gari lililosimama pembeni yake, na wakati ule nikapuuza. Gari kubwa linashika jua na mbingu kwenye paa zima. Kigari hakina paa la kushika mbingu. Ukikipa rangi sawasawa na ya gari kubwa kitaonekana cheusi cheusi, kwa hiyo lazima uipandishe mwanga.

Fundi akitaka kupandisha mwanga hufanya nini? Hutia nyeupe. Nikatia matone mawili. Buluu ikafa pale pale. Ikawa ya unga unga, ile buluu ya mlango wa kibanda cha mkaa, haina kina wala mng'ao. Nikaongeza zambarau kuirudisha, ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza buluu. Kufikia saa tano usiku nilikuwa na kifuniko kizima cha uji usio na jina.

Aliyenitoa hapo ni dada yangu, na wala hakuwa akinisaidia. Alikuwa uani anasuuza kanzu za Ijumaa, ametia nili kwenye beseni. Tone la buluu kwenye maji, kanzu nyeupe inatoka nyeupe zaidi. Nikasimama nikamtazama akaniuliza nimeona jini? Kilichonipitia ni kwamba nguo ile haikuchanganywa na buluu. Buluu imekaa juu, nyeupe iko chini yake, na jicho linaona zote mbili kwa pamoja.

Nikarudi nikachukua vipande vitatu. Vyote nikavipiga buluu ile ile ya kwanza, matone kumi kwa moja, bila nyeupe, mkono mmoja mwepesi. Vikakauka. Kisha nyuma ya kimoja nikapiga nyeupe, nyuma ya cha pili fedha, nyuma ya cha tatu nyeusi. Nikavigeuza nikavipanga kwenye ukuta wa baraza asubuhi jua likichomoza.

Mtu asingeamini ni chupa moja. Cha nyeusi kilikuwa kama maji ya bandarini usiku. Cha nyeupe kilikuwa angavu, kizuri, lakini kimelala, buluu ya sare ya shule. Cha fedha kilikuwa kinawaka. Ukikiinamisha kinakwenda kwenye zambarau, ukikiinua kinarudi buluu, sawasawa na ubavu wa Impreza iliyotoka kuoshwa. Sikuwa nimeipandisha mwanga rangi hata kidogo. Nilikuwa nimeuweka mwanga nyuma yake. Nilikaa na vipande vile nusu saa, chai ikapoa.

Manjano ilikuwa na tabia yake. Hiyo fedha haiipendi, inatoka ya mzee, kama shaba iliyosahauliwa. Ukiiwekea nyeusi ndiyo kabisa, inakwenda kwenye kijani cha embe bichi. Manjano inataka nyeupe nyuma na si kitu kingine. Nimesikia rangi za kuwaka, zile za fluoresenti za fulana za wajenzi wa barabara, nazo ni vivyo hivyo. Bila nyeupe nyuma haziwaki.

Kwa hiyo bodi moja ikataka migongo miwili, na hapo ndipo mpangilio unapogeuka kichwa chini miguu juu. Gerejini ninaanza na rangi ya chini na kumalizia na ya juu. Humu ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kuonekana, na kila inayofuata inajificha nyuma ya mwenzake. Maandishi na michoro midogo hutangulia, uwanja mkubwa wa rangi hufuata. Na ya giza hutangulia ya mwanga, maana manjano ikipita nyuma ya buluu hakuna atakayejua, lakini buluu ikipita nyuma ya manjano nyembamba kila mtu atajua. Nikabandika tepu ya karatasi kwa ndani kila mahali pa manjano, pa namba na pa vioo. Nikapiga buluu mikono minne myembamba, kila mmoja nikiukausha kwa draya ya nywele ya dada yangu. Nikapiga fedha nyuma yake. Nikatoa tepu za manjano. Nikapiga manjano. Nikatoa tepu za namba, nikapiga nyeupe kote, ikaziba namba na kuipa manjano mgongo wake kwa mara moja. Mwisho kabisa nyeusi, ili jua lisipenye bodi ikawaka kama taa ya kandili.

Ukisoma hivyo inaonekana ni kazi ya alasiri moja. Ilinichukua siku tisa, na nne kati yake zilikuwa za mvua. Masika yalikuwa yameshika, na rangi ya maji kwenye hewa ile haikauki, inajifanya imekauka. Ukiigusa iko sawa. Ukivuta tepu inakuja nayo. Nilipoteza kona moja ya boneti namna hiyo, nikaijaza kwa brashi ya mtoto ya shule, na mpaka leo nikiitazama kona ile naiona peke yake. Na chini ya mlango wa kulia tepu haikushika vizuri. Sikuikandamiza ukingo kwa kucha. Ukungu wa buluu ukapenya, manjano ikaja juu yake, wakazaa mtoto: mstari wa kijani mwembamba kama uzi. Siku hizi mkono wa kwanza naupiga mkavu mkavu, kwa mbali, ili uzibe ukingo wa tepu kabla ya rangi yenyewe kuja.

Namba ndiyo iliyonimaliza. Mtoto alitaka 25 milangoni. Nikakata tepu vizuri, nikabandika 25 kwa ndani, naisoma kabisa, ishirini na tano. Nilipomaliza nikaigeuza bodi, nikabandua ile ngozi nyembamba ya nje inayoilinda plastiki isishike vumbi la rangi. Raha ya pale haina mfano. Bodi ilikuwa imefifia, ikatoka inang'aa kama imelowa. Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama mlango wa kushoto, akaitazama wa kulia.

"Mjomba, umeandika kama ambulensi."

Kweli. Namba ilisomeka kinyume, ya kusomwa kwenye kioo cha dereva. Mimi niliyempigia jirani mwenye duka la dawa maandishi ya dirishani kwa upande wa ndani, herufi zote kinyume na bila kukosea! Ikabidi nibandike stika juu yake.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka gari lilipokuwa mbali. Rangi niliichagua nikiwa nimeishika bodi mkononi. Dereva wake anaiona akiwa amesimama hatua thelathini. Buluu ile niliyoisumbukia, kwenye kivuli cha mkwaju ulio ukingoni mwa uwanja, ilipotea kabisa, na mtoto hakujua gari linakuja au linakwenda. Likija kwako usukani wa rimoti unageuka, kulia inakuwa kushoto, na ukichelewa kujua uso wa gari ni upi umeshagonga. Kilichomwokoa ni ile manjano kidogo ya mbele, niliyoitia kwa sababu ya picha za rali tu.

Wanaotengeneza kanga walilijua hilo zamani. Kanga ina mji wake na pindo lake, rangi mbili au tatu zinazogombana, na mwanamke akiwa ng'ambo ya barabara unajua amevaa ipi hata jina hujalisoma. Ukijaza rangi saba zinazopendana, kwa mbali zinakuwa moja ya matope. Nimeona bodi za vijana wengine pale uwanjani, zenye moto na mafuvu na mabadiliko ya rangi tano, kazi ya mkono safi kabisa, nikazisifu. Zikishaondoka hatua ishirini zote ni kijivu. Kwa maoni yangu bodi nyeusi tupu ni ya kuwekwa kabatini.

Gari hilo limegongwa mara nyingi tangu hapo. Nje limechubuka paa lote, ukipitisha kidole linakwaruza kama magaga ya mguu, na buluu chini yake iko vile vile. Vipande vyangu vitatu viko kwenye dirisha la gereji. Mteja akija kunigombeza kwamba bampa niliyompigia haifanani na mlango, humwonyesha, nikamwuliza chini ya rangi ya mlango wake kulikuwa na nini.

Mwezi uliopita mtoto alinunuliwa bodi nyingine. Safari hii hakuniita. Nilimkuta barazani na tepu na wembe, ulimi nje, ameshabandika namba kwa ndani. Nikainama. Zile tarakimu zilikuwa kinyume.

"We, si ulinicheka mimi? Namba yako imegeuka."

Hakuinua hata kichwa. "Geuza bodi, mjomba."